Mjadala: Je, viota vya mbayuwayu viondolewe kwenye majengo ya Mombasa?

Mleta mada

Wanajamvi, tangu kaunti ilipoagiza mwaka 2018 kwamba majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu, kinyesi cha ndege chini ya roshani huonekana kutoka ng'ambo ya barabara, na wenye nyumba wengi hawaulizi tena ni ndege gani: fundi huletwa na ngazi yake, viota vikakwanguliwa, rangi ikarudiwa. Msimamo wangu ni kwamba kiota chenye mayai au makinda kisiguswe, na kiota kitupu kiondolewe tu na mwenye mpango wa kuzuia kingine kisijengwe, kwa sababu asiye na mpango huo atamlipa fundi yule yule baada ya mvua ijayo.

Tuanze kwa kuwatambua. Mbayuwayu wanaotua kwa safu juu ya nyaya za umeme kati ya Septemba na Aprili wengi wao ni wageni kutoka Ulaya na Asia, ambao hawazalii huku, hivyo kuwalaumu kwa kiota cha ukutani ni kuwaonea. Wajenzi ni jamaa zao wenyeji, wakiwemo wenye kifua cha michirizi, ambao kiota chao cha tope kimefunikwa na kina njia ndefu ya kuingilia. Ama yale makundi yanayopiga kelele jioni chini ya mapaa ya maghorofa, mara nyingi si mbayuwayu hata kidogo: ni ndege weusi wenye kiuno cheupe na mabawa yaliyopinda kama mundu, wasioweza kutua kwenye waya kwa jinsi miguu yao ilivyoumbwa, ambao hugandisha manyoya na nyasi kwa mate yao. Makinda ya mbayuwayu huruka baada ya wiki tatu hivi, ilhali ya hawa weusi hukaa kiotani zaidi ya mwezi, na wazazi wao hulala humo hata wasipotaga. Fundi asiyejua hilo atahesabu siku vibaya.

Mchangiaji wa Mji wa Kale

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini, lakini wewe unazungumzia rangi na mimi nazungumzia tohara, yaani usafi wa ibada. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, kinyesi cha ndege ni najisi, na ijapokuwa mafakihi wamesamehe kile ambacho ni vigumu kukiepuka msikitini, msamaha huo haumfanyi mtu akae tu akitazama kikidondoka juu ya mikeka. Aidha, wako wanaokinga maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye birika. Je, nao wangoje makinda yaruke?

Mchangiaji wa Kisauni

Serikali yenyewe ilitangaza mwaka 2024 kwamba itaua kunguru milioni moja. Kwa nini hawa wawe na heshima zaidi?

Mleta mada

Kunguru wale walikuja kutoka Bara Hindi na ni waporaji wa mayai na makinda ya ndege wa hapa. Mbayuwayu ni miongoni mwa wanaoporwa, si washirika wao.

Kuhusu birika nakubaliana na ndugu wa Mji wa Kale: mfereji utenganishwe na paa hadi lisafishwe. Kwa mikeka, ubao mpana ukipigiliwa ukutani chini ya kiota, mbali kiasi cha kumwachia ndege nafasi ya kuingia, utapokea sehemu kubwa ya uchafu. Wala sitawatetea kwa hoja ya mbu, ingawa inapendwa sana, maana chakula chao kikubwa ni nzi, mbawakawa wadogo na kumbikumbi, na anayetegemea mbayuwayu wamkinge na homa ya dengi heri amwage maji yaliyotuama nyumbani kwake.

Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1981, kiota kinachojengwa au kutumiwa hakivunjwi, lakini mwenye nyumba anaruhusiwa kuzuia mapema, na hilo ndilo ninalotaka hapa. Kiota kitupu kiloweshwe maji kabla ya kukwanguliwa, kwa kuwa vumbi la kinyesi kikavu hudhuru mapafu, na fundi avae barakoa. Kisha wavu wa matundu madogo ukazwe pande zote chini ya paa, kwa sababu wavu uliolegea humnasa ndege akafia humo. Kwa wanaojenga kwa tope, kazi hiyo ifanyike kabla ya masika. Kwa wale weusi, fundi apande ngazi na tochi achungulie kwanza, mwezi wowote ule.