Kikundi cha Ukoo: Jumapili ya Mjomba

Shangazi Masasi 13:12
Tumsifu Yesu Kristo wanaukoo. Aliyekuwa kigangoni leo aanze kusimulia, mie mbavu zinaniuma

Binamu Dar 13:13
Milele amina shangazi. Kumetokea nini tena huko?

Mama Mdogo 13:15
Padri kaenda kigango kingine, katekista kalala na malaria. Ibada ya Neno akapewa mjomba wako. Katokea na ile suti ya kahawia

Shangazi Masasi 13:15
Suti nzito ile, na jua hili la Novemba!

Mama Mdogo 13:18
Kasimama mbele, jasho linachuruzika mpaka kwenye karatasi. Sote tumesimama tunangoja "Tumsifu Yesu Kristo". Kimya. Mara, kwa sauti ya darasani kabisa: SHIKAMOONI!

Binamu Dar 13:18
😂😂😂 kawaamkia waumini??

Mama Mdogo 13:20
Sisi wazima tukainamisha vichwa. Lakini watoto wa komunyo ya kwanza, si wamekaa pale mbele? Wanafunzi wake wote wale. Wakaitikia kwa pamoja: MARAHABAAAA

Shangazi Masasi 13:20
Miaka yote ya ualimu wanamwamkia yeye, leo kawarudishia zote kwa mkupuo

Bibi Ndanda 13:24
Bibi anasema niandike hivi: Wabenediktini wapo hapa Ndanda tangu 1906, walikuja wazungu wa ndevu Kiswahili hawakijui, lakini hakusikia hata mmoja kuwapa watoto shikamoo. Kisha anacheka, nashindwa kuandika

Mama Mdogo 13:25
Hayo madogo. Ngojeni matangazo

Binamu Dar 13:25
Toa mama mdogo, nimekaa

Mama Mdogo 13:31
Karatasi mbili. Ya kwanza tangazo la ndoa, mara ya tatu na ya mwisho. Wachumba wenyewe benchi la pili, binti kitenge kipya bado kinanukia duka. Mjomba kasoma majina vizuri, kalamba kidole, kafunua. Akajikuta kwenye kwaya: "sare mpya, kila familia 35,000." Kusoma kote kaisha ndipo akagundua karuka. Akarudi nyuma bila kusema anarudi: "Mwenye kujua kizuizi chochote, aseme."
Babu akasimama

Binamu Dar 13:31
Babu yupi???

Mama Mdogo 13:33
Babu yenu! Na fimbo yake. "Mimi ninacho." Binti wa watu kashika kifua. Mama mkwe mtarajiwa keshavua kiatu kimoja. Babu: "Elfu thelathini na tano ni nyingi. Korosho zenyewe tumepeleka ghalani, hela hatujaona."

Shangazi Masasi 13:34
Na kanisa zima likaitikia AMINA. Ile amina ndiyo iliyonimaliza

Shemeji Mikindani 13:36
Samahanini wakwe zangu, naulizia tu, mie mtu wa msikitini sina uzoefu na haya. Iliyozuiwa ni ndoa au sare?

Mama Mdogo 13:37
Ndoa ipo shemeji. Ila kizuizi kimeshatolewa mbele ya watu, katekista akipona ajue mwenyewe pa kukiandika

Shangazi Masasi 13:40
Nje kwenye mnada wa mavuno napo kanadi kisado cha korosho, vijana wakaanza: "Mwalimu, kangomba hiyo! Kangomba!" Si unajua kangomba, ile biashara ya korosho ya kichochoro nje ya ghala, imekatazwa? Kakirudisha chini ya meza mbio, kanadi maboga

Shemeji Mikindani 13:41
Hapo kafanya la maana 😂

Mjomba 14:02
Nimewasoma wote. Miwani niliisahau nyumbani, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniletea.

Shangazi Masasi 14:02
Kaka, ulikuwa umeivaa

Mjomba 14:06
Ile ni ya kuonea mbali.

Bibi Ndanda 14:09
Babu yuko hapa kwetu, kaja kula. Anasema wasitume mtu kumbembeleza. Elfu kumi anatoa, zaidi ya hapo kizuizi kipo palepale