Lubumbashi: tunauziwa batri zilizokufa kwa bei ya mpya, na garanti ni karatasi tupu

Wapendwa, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Wauza batri wa mjini kwetu wanatuibia mchana kweupe. Jina la duka siandiki, lakini mlionunua batri katikati ya mji mwaka huu mtanielewa haraka.

Gari langu ni la kazi. Ni Toyota ndogo iliyotoka Japani ikapitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, kama nyingi za hapa. Alfajiri nabeba samaki wa barafu kutoka chumba cha baridi nawapelekea wamama wanaouza komini ya Kenya na Katuba. Gari likigoma kuwaka saa kumi na moja, samaki wanayeyuka, wamama wanachukua kwa mwingine, na hasara yote ni yangu. Tena ni otomatiki, kwa hiyo hata vijana kumi wakilisukuma haliwaki. Lazima uamshe jirani mwenye gari na nyaya, umwombe moto. Mara ya kwanza anakuja vizuri, mara ya tatu anakuonyesha uso.

Batri hii niliinunua dola 85. Risiti ina mhuri, na juu yake wameandika kwa kalamu "garanti miezi 6". Haikufika hata nusu ya muda huo. Unazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, unasikia tak-tak-tak, halafu kimya.

Nikairudisha. Kijana aliyeniuzia hakuigusa, hakuipima, hakuuliza chochote. Akaniambia: "Mama, hii batri iko mupya, ni alternata yako inaiua." Alternata ni ile mashine ya injini inayochaji batri. Nilipobisha, akataka nimwite mume wangu ili waongee wanaume. Gari ni langu, pesa zilitoka mkononi mwangu, risiti ina jina langu. Mume wangu anaitiwa nini hapo?

Nikaenda kwa fundi wangu wa Kampemba, nikasimama palepale akipima. Injini ikiwa inanguruma, kwenye vichwa vya batri kulikuwa na volti 14.2. Alternata nzima inatoa kama 13.8 hadi 14.5, kwa hiyo yangu haina kosa. Akazima gari akatafuta kama kuna kitu kinachonyonya umeme usiku, redio au alamu: miliampea 30, na hadi 50 hivi ni kawaida. Akaichaji batri usiku kucha kwa umeme mdogo, akaiacha ipumzike, ikasoma 12.6. Kwa namba hiyo ungesema imejaa, haina shida. Ndipo akaniambia nizungushe ufunguo huku kipimo kimeshikizwa. Namba ikaporomoka hadi 8 na kitu. Batri yenye nguvu, wakati wa kuwasha injini, haitakiwi kushuka chini ya 9.6 hivi.

Kisha akafanya kitu ambacho bado kinaniuma. Akalowanisha kitambaa kwa petroli, akasugua ubavu wa batri. Rangi nyeusi ikabaki kitambaani. Chini yake plastiki ilikuwa imekwaruzika vibaya, na pembeni ya lebo yao inayong'aa kulikuwa na gundi ya lebo nyingine iliyobanduliwa. Akafungua vifuniko: asidi ndani ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, maana yake mabamba ya ndani, ya madini ya risasi, yanamomonyoka. Ile batri ilikuwa imezeeka kwenye gari la mtu mwingine kabla ya kuja kwangu.

Mjue wanavyofanya. Wanachukua batri iliyochoka, wanamwaga maji yake, wanaisuuza, wanatia asidi mpya, wanaichaji, wanaipaka rangi, wanabandika lebo. Volti za batri zinafuata ukali wa asidi, kwa hiyo ukiweka kipimo tu itakuonyesha namba nzuri. Lakini mabamba ya risasi ndani yameshaliwa, na uwezo wa kusukuma injini haurudi kwa kumwagiwa asidi. Batri nzima iliyopungukiwa huongezwa maji ya batri (distilled), basi. Anayekuambia anaongeza asidi ili "kuipa nguvu" anakumalizia batri.

Na hata zile ambazo ni mpya kweli, angalieni zinavyotunzwa! Zinapangwa barazani, jua la mwezi wa kumi linazipiga kutwa nzima. Batri inajimaliza umeme yenyewe hata kama haijafungwa kwenye gari, na joto linaharakisha. Ikishuka chini ya volti 12.4 ikaachwa hivyo miezi, mabamba yanashika ukoko mgumu wa salfeti, na sehemu ya uwezo wake inapotea moja kwa moja. Muuzaji anatakiwa azipime na azichaji kila baada ya miezi michache. Nani anafanya hivyo hapa? Ukiuliza tarehe ya kutengenezwa wanakuonyesha tarehe ya risiti. Tarehe hupigwa kwenye batri yenyewe, mara nyingi kwa herufi na namba: katika alama za viwanda vingi A ni Januari, B ni Februari, kuendelea hivyo, na namba ni tarakimu ya mwisho ya mwaka. Nyingine zina wiki na mwaka. Ukikuta sehemu hiyo imekwanguliwa, toka dukani.

Jambo jingine, kulazimishia batri isiyo ya gari lako. Gari za Japani zina alama zake, mfano 55B24L. 55 ni daraja la nguvu, B ni ukubwa wa ubavu, 24 ni urefu kwa sentimita, L au R ni upande kilipo kichwa cha chanya. Ikimalizikia na S, vichwa ni vinene. Ukipewa yenye vichwa vyembamba na mikono ya nyaya za gari lako ni ya vinene, haishiki. Jirani yangu walimpigilia msumari kati ya kichwa na mkono wa waya ili ubane! Waya ukicheza hapo unapata moto, unayeyusha kichwa, halafu utaambiwa umeharibu mwenyewe, garanti imekufa. Na wote wanakutajia ampea-saa peke yake, yaani umeme ambao batri inaweza kuhifadhi. Muulize pia ampea za kuwashia, zile CCA, ambazo hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapa hakuna baridi hiyo, hata alfajiri za Juni na Julai, lakini namba hiyo ndiyo inayokuambia batri inaweza kusukuma injini kiasi gani.

Kipimo cha haki kipo. Kinaitwa kipima mzigo: kinaivuta batri iliyojaa kwa nusu ya zile ampea za kuwashia kwa sekunde 15, na volti zinatakiwa zibaki juu ya 9.6. Ni sekunde 15, mbele ya mteja. Duka linalouza batri za dola 85, 100, 120 linashindwaje kuwa nacho? Mimi naona hawakitaki kwa sababu kingewaumbua.

Sasa nimeelewa pia kwa nini waling'ang'ania batri yangu ya zamani siku ile. Wakanipunguzia dola 10 niwaachie, nikashukuru. Zinarudi sokoni kupitia mlango wa nyuma. Maji yake yanamwagwa kwenye mtaro, na mvua zikija yanapita kwenye viwanja ambako watoto wanacheza pekupeku. Maji hayo yana risasi, na risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto, haina kiwango cha kusema hiki ni kidogo. Ofisi za mkoa zinazopita madukani kudai karatasi na kodi, hazioni maji hayo yakimwagwa?

Nimewapelekea vipimo vya fundi vimeandikwa kwenye karatasi. Bosi wao kaniambia nirudi wiki ijayo. Nitarudi, na nitakuja na fundi na ile batri iliyosuguliwa rangi. Nataka batri iliyopimwa kwa mzigo nikiwa nimesimama pale, yenye tarehe inayosomeka, au dola zangu 85. Nusu ya pesa sipokei, na "tutaichaji tena" sipokei.

Mliowahi kurudishiwa pesa na maduka ya hapa, andikeni mlifanyaje na mlishikilia karatasi gani. Na kama kuna fundi Kampemba, Kenya au Ruashi mwenye kipima mzigo, aseme yuko barabara gani na anatoza kiasi gani, tumpelekee batri kabla ya kulipa.