Tupeane uzoefu: Mama kaolewa nje, watoto wako Mwanza. Wanamfuataje?

Mkazi wa Nyegezi (mleta mada)

Wakuu, swali hili limekuwa la kila wiki: dada kaolewa na Mwingereza, Mmarekani au Mjerumani, ana watoto wawili watatu aliowapata kabla, na sasa wanataka familia iwe pamoja. Tuweke yote mahali pamoja. Mnaochangia, msianze na fomu za viza. Fomu zinajazwa jioni moja. Kinachokula miezi ni cheti cha kuzaliwa na karatasi ya baba mzazi, na hayo yote yanamalizwa hapa hapa nyumbani. Anayeuliza aseme nchi, umri wa kila mtoto kwa tarehe kamili, na mama yuko wapi kwa sasa.

Kalamu ya Kirumba

Nianze na cheti, maana ndipo wengi wanapokwamia.

La kwanza, tangazo siyo cheti. Ile karatasi ya hospitali inayoonyesha mtoto kazaliwa tarehe fulani ni ya kwenda kuombea cheti RITA (wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo), ubalozi hauitaki. Vyeti vya mpango wa watoto wa chini ya miaka mitano, vile vinavyotolewa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, huandikwa kwa mkono. Ni halali, lakini herufi moja ikikosewa pale inamfuata mtoto mpaka kwenye pasi ya kusafiria. Somezeni kabla ya kuondoka dirishani.

La pili, na hili ni letu kabisa watu wa Kanda ya Ziwa: babu kaandikwa baba. Binti kazaa nyumbani, mahari haijatolewa, mtoto ni wa kwa mjomba, basi anapoandikishwa anapewa jina la babu mzaa mama, na kwenye nafasi ya baba anawekwa babu huyo huyo. Kijijini hakuna anayeshangaa. Sasa mpe ofisa wa viza cheti cha mama na cheti cha mtoto aviweke meza moja: baba wa mama ni fulani, baba wa mtoto ni fulani yule yule. Hapo ama atadhani cheti ni cha kughushi, ama atawaza jambo baya zaidi.

Dawa yake ni kurekebisha taarifa RITA kabla ya kuomba pasi, siyo baada. Kiapo mbele ya wakili kinaeleza tu kilichotokea, hakibadilishi kilichoandikwa kwenye daftari la vizazi. Watu wanaambatanisha kiapo wakidhani wamemaliza, ofisa anabaki na nyaraka mbili zinazopingana.

La tatu, majina. Shuleni Masanja, kanisani Emmanuel, kwenye cheti Emanuel kwa m moja. Jina la mama nalo liwe lile lile kwenye kitambulisho chake cha taifa (NIDA), cheti cha mtoto na cheti cha ndoa mpya. Akishachukua ukoo wa mume, cheti cha ndoa ndicho daraja kati ya majina mawili. Kama jina limebadilika kweli kweli, itafutwe hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Pasi: kila mtoto na yake, hata kachanga. Ada ni 150,000, yaani 20,000 ya fomu na 130,000 baadaye. Mtoto anahitaji ridhaa ya wazazi, na hapo ndipo baba aliyepotea anaanza kukumbukwa.

Buzuruga Stendi

Naendelea alipoishia Kalamu. Baba mzazi yuko kwenye moja ya hali nne.

Yupo na amekubali. Andikeni ridhaa mbele ya wakili, na nakala ya kitambulisho chake. Kosa la kawaida ni barua inayosema "namruhusu mwanangu kusafiri na mama yake". Kusafiri ni kwenda na kurudi! Iandikwe kuwa anakubali mtoto *kuhamia na kuishi* nchi fulani pamoja na mama yake, itaje jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasi.

Amefariki. Kinachotakiwa ni cheti cha kifo cha RITA. Kibali cha mazishi hakitoshi, wala muhtasari wa kikao cha ukoo.

Yupo na amekataa. Mama anaomba amri ya malezi mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Afisa Ustawi wa Jamii atapita nyumbani, ataongea na mtoto na atatoa taarifa. Msimpangie mtoto maneno, wale wanajua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri awe na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa hiyo msiende mmekaa kifua mbele.

Hajulikani alipo. Ni mahakamani vile vile, ila wito unaweza kuelekezwa utolewe gazetini. Tunzeni nakala ya gazeti lenyewe, ukurasa mzima wenye tarehe.

Amri ikitoka kwa Kiswahili itafsiriwe. BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) wanafanya kazi hiyo na kugonga muhuri. Kwa Uingereza, tafsiri iwe na jina la mtafsiri, sahihi, tarehe na mawasiliano yake, pamoja na kauli kwamba ni tafsiri sahihi ya nakala halisi. Na Tanzania haimo kwenye mkataba wa apostille (muhuri mmoja wa kuthibitisha nyaraka unaokubaliwa na nchi wanachama), kwa hiyo akiwaambia shemeji wa Ulaya "leteni apostille", mwambieni aulize ubalozi wao unataka uthibitisho wa namna gani badala yake.

Dada Nansio

Buzuruga, na kama baba hayumo kabisa kwenye cheti, nafasi iko wazi?

Buzuruga Stendi

Hiyo ni nafuu kuliko ya babu, dada. Hakuna jina la kuuliziwa. Bado ofisa anaweza kuuliza nani mwingine ana sauti juu ya mtoto, kwa hiyo amri ya malezi inasaidia. Ila usiende kumfuta baba aliyemo ili nafasi iwe wazi. Rekodi za shule na za kliniki zitamtaja, na mkidhaniwa kudanganya mara moja, kila ombi litakalofuata litapimwa kwa jicho hilo.

Sangara wa London

Uingereza. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu kosa kubwa linafanywa mwanzoni kabisa, na linafanywa kwa nia njema.

Kosa lenyewe: mama atangulie "akatengeneze mazingira", watoto wabaki kwa bibi Misungwi, wafuate mwakani. Kwa hesabu ya nauli ina maana. Kwa sheria ni kujipandishia mlima. Kanuni inataka mojawapo ya haya: mtoto kwa kawaida anaishi na mzazi huyu na siyo na yule mwingine, au mzazi huyu peke yake ndiye mwenye jukumu la malezi, au kuna sababu nzito za kipekee. Mama akiomba pamoja na watoto wakati wanaishi nyumba moja Mwanza, anasimama kwenye lile la kwanza, jepesi. Akishaondoka, mtoto haishi naye tena. Hapo anabaki na jukumu la peke yake, ambalo ni gumu kuthibitisha.

Kama ameshatangulia, basi ushahidi uwe wa *maamuzi*, siyo wa pesa tu. Miamala ya simu inaonyesha anatuma hela, na hata mjomba hutuma hela. Tafuteni barua ya mwalimu mkuu inayosema anayepigiwa simu ni mama, stakabadhi za ada zenye jina lake, mawasiliano yake na daktari, fomu alizosaini za kuhamisha shule. Barua ya bibi isomwe mara mbili. Mabibi wetu wanapenda kuandika "nimemlea mwenyewe tangu ana miaka miwili, mama yake hajui lolote". Kama ndivyo ilivyo kweli, basi jukumu siyo la mama peke yake na ombi halina miguu. Kama bibi anajisifia tu, aandike kilichopo: yeye analisha na kulaza, mama ndiye anayeamua.

Umri: awe hajafika 18 siku ombi linapowasilishwa, hajaoa wala kuolewa, hajitegemei.

Pesa: tangu 11 Aprili 2024 kipato kinachotakiwa ni £29,000 kwa mwaka, na watoto hawaongezi kitu juu yake. Wasio na kipato hicho wanaweza kutumia akiba. Bila kipato kabisa ni £88,500 iliyokaa miezi sita. Familia ambazo mama aliingia kwa masharti ya zamani ya £18,600 bado zinaongezewa £3,800 kwa mtoto wa kwanza na £2,400 kwa kila anayefuata, isivuke £29,000.

Ada: Aprili 2025 ilipandishwa kuwa £1,938 kwa kila kichwa, na huwa wanaigusa kila mwaka, hivyo angalieni siku ya kulipa. Juu yake kuna malipo ya afya, £776 kwa mwaka kwa mtoto na £1,035 kwa mtu mzima. Kwa viza ya kwanza ya miezi 33 inahesabiwa miaka mitatu, yaani £2,328 kwa mtoto mmoja. Hapa ndipo shemeji hupauka.

Makoroboi

Marekani kwa kifupi, halafu habari mbaya.

Mtoto wa kambo anatambuliwa kama ndoa ya mama yake ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Siku moja baadaye, baba wa kambo hawezi kumwombea. Mume akiwa raia, kila mtoto anajaziwa fomu yake mwenyewe ya kuombewa na ndugu, I-130 ($675 kwa karatasi, $625 mtandaoni). Watu wanamjazia mama peke yake wakidhani watoto wamo ndani, kumbe kwa raia hawamo. Mume akiwa na green card tu (kibali cha ukaazi wa kudumu), watoto wanaweza kupanda kwenye ombi la mama. Kwa ombi la raia, umri wa mtoto wa chini ya 21 husimama siku I-130 inapopokelewa. Viza ya mchumba ni njia nyingine: watoto wa chini ya 21 waorodheshwe kwenye ombi lile lile.

Tena, baba wa kambo kuwa raia hakumpi mtoto uraia. Bila kuasiliwa kisheria anabaki na green card.

Habari mbaya: agizo la rais wa Marekani lililoanza 1 Januari 2026 limeiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizosimamishiwa viza za uhamiaji. Mwenye mtoto anayekaribia 21 bado ana sababu ya kuwasilisha ombi ili umri usimame. Wengine msikimbilie kuuza kiwanja.

Igoma Kona

Ujerumani: chini ya 16 hatakiwi mtihani wa lugha. Akishafika 16 na anafuata nyuma ya mama badala ya kuhama naye, kwa kawaida wanataka Kijerumani cha C1 (ngazi ya juu), ambacho hata mama mwenyewe hana, yeye ameombwa A1 (ngazi ya mwanzo). Mwenye mtoto wa miaka 15 ahesabu siku. Malezi yakiwa ya wazazi wawili, inatakiwa ridhaa ya baba au uamuzi wa kisheria wa mamlaka husika.

Kigongo Darajani

Safari ya Dar mpange moja. Uingereza wanataka kipimo cha kifua kikuu kwa wanaotoka Tanzania, kinafanyika Dar kwa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), cheti kinadumu miezi sita. Watoto wa chini ya 11 kwa kawaida hawapigwi picha ya kifua ila lazima wafike. Wakitaka makohozi yaoteshwe, ni hadi wiki nane, kwa hiyo msikate tiketi za ndege. Alama za vidole ziwekwe wiki hiyo hiyo. Wa chini ya miaka mitano hupigwa picha tu. Nauli ikibana, basi mpaka Dodoma halafu treni ya SGR. Wa Sengerema sasa mnavuka daraja, hamna tena kisingizio cha kivuko.

Na kadi za kliniki msiziache kabatini. Daktari wa uhamiaji wa Marekani anadai rekodi za chanjo, na asipoziona mtoto anachomwa upya, kwa gharama zenu.