Fimbo, mulineti na mshipi wa kuvulia mukeke kwa jigi nyepesi: nianzie wapi?

MwanaWaKadutu (Bukavu)

Nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Ninaishi Bukavu, lakini kila baada ya miezi miwili hivi nashuka Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, kwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye ana boti ya mbao yenye injini ndogo. Huko tumezoea kuvua mukeke kwa mshipi wa mkono, jinsi marehemu baba alivyotufundisha: nailoni nene, ndoano tano au sita zilizofungwa manyoya meupe, na risasi chini yake. Mwaka jana tulimpakia mgeni mmoja aliyekuja na fimbo fupi, nyembamba, na jigi, yaani kipande cha chuma chenye umbo la ndagala (dagaa wetu), chenye uzito wa gramu 40 tu. Alikiangusha hadi walipokuwa samaki, akawa anakipandisha kwa kukichezesha kwa ncha ya fimbo, na kabla ya saa moja kwisha alikuwa ametoa mukeke kumi na wawili na sangala mmoja aliyeikunja fimbo ile hadi tukadhani itavunjika. Tangu siku hiyo sijatulia.

Sasa dada yangu anarudi kutoka Dubai baada ya wiki mbili, naye amekubali kuniletea vifaa, mradi nimwandikie hasa ninachotaka, kwa sababu yeye hajui lolote kuhusu uvuvi. Nina dola 200 kwa vyote. Nikitazama picha za fimbo nachanganyikiwa: nyingine zina urefu wa mita 3, nyingine hazifiki mita 2, mulineti (vile vifaa vya kukunjia mshipi) nyingine zimekaa chini ya fimbo, nyingine juu yake, na mishipi imeandikwa namba ambazo sizielewi, kama PE 0.8, PE 1, PE 2. Je, fedha nyingi niziweke kwenye fimbo, kwenye mulineti au kwenye mshipi? Na je, kifaa kimoja kinaweza kumtosha mukeke wa robo kilo na pia sangala wa kilo saba au nane akijitokeza?

MzeeWaKalundu (Uvira)

Karibu, mwanangu. Swali lako umeliuliza vizuri, ila watu wengi huanza na fimbo, kisha wakatafuta mulineti ya kuifaa, na mshipi wakaununua mwisho kwa chenji iliyobaki. Mimi nakushauri ugeuze safari hiyo. Anza na mshipi, kwa maana ndio unaoshika kina, ndio unaokuletea habari za samaki mkononi, na ndio unaoamua ukubwa wa vile vingine viwili.

Nailoni ya baba yako ilifaa kwa kazi yake kwa sababu mliishika mkononi na risasi ilikuwa nzito. Kwa jigi ya gramu 40 nailoni hiyo haitakufaa. Nailoni hunyooka kama mpira. Ukivuta ncha ya fimbo kwa nusu mita juu, na jigi iko mita 60 chini, mvuto wako wote unamezwa na mshipi na jigi haisogei sawasawa. Mshipi wa kusukwa haunyooki karibu kabisa. Tena ni mwembamba mno kwa nguvu yake: PE 1 ina unene wa milimita 0.165 na kwa kawaida inabeba ratili 20, yaani kilo 9 hivi, wakati nailoni ya nguvu kama hiyo inakaribia milimita 0.40. Unene huo ndio unaokamatwa na mkondo wa maji, ukaupinda mshipi na kuipeleka jigi yako mbali na boti badala ya kushuka wima. Herufi PE maana yake ni polietilini, nyuzi zinazosukwa, na namba inayofuata ni unene: kadiri inavyopanda, mshipi unakuwa mnene.

Kwa ziwa letu, chagua PE 1 au PE 1.5. PE 0.8 ni tamu kwa mukeke, lakini siku sangala akishika utaomba Mungu. PE 2 haina ubaya, ila inakulazimisha kutumia jigi nzito zaidi, nawe umependa uvuvi mwepesi. Tafuta mshipi uliosukwa kwa nyuzi nane kama bei inaruhusu, kwa sababu ni laini na hauimbi kwenye pete za fimbo, na zaidi ya yote tafuta ule unaobadilika rangi kila mita 10. Kifaa cha kupima kina huna. Rangi zile ndizo zitakazokuambia kwamba samaki wameshika kwenye rangi ya nne, nawe unarudi pale pale. Mita 300 zinatosha, hata ukizipoteza 50 kwenye miamba.

Usifunge jigi moja kwa moja kwenye mshipi huo. Unga mbele yake mita moja na nusu hadi mbili za florokaboni, mshipi mgumu usiosukwa unaostahimili kukwaruzwa, ya ratili 20 au 25. Sangala hana meno ya kukata, lakini mdomo wake unakwaruza kama msasa, na nyuzi za kusukwa zikikwaruzwa hazidumu. Fundo la FG ndilo jembamba kuliko yote na linapita kwenye pete bila kugonga. Jifunze kulifunga ukiwa nyumbani, mezani, ukilowesha kwa mate kabla ya kukaza. Kwenye boti inayoyumba usiku hutaliweza.

Mulineti sasa. Kwa mtu anayeanza, chukua ile inayokaa chini ya fimbo, namba 3000 au 4000. Usidanganywe na wingi wa beringi, ile mipira ya chuma ya ndani, inayotangazwa kwenye boksi. Angalia breki: ukiishika bobini, sehemu inayokunjwa mshipi, na kuizungusha kwa kidole, iachie mshipi taratibu na kwa usawa, bila kukwama na kuruka. Breki inayokwama ndiyo inayokata mishipi myembamba, si ukubwa wa samaki. Mimi nilimpoteza sangala mkubwa kwa breki ya namna hiyo, juu kabisa, tukiwa tumeshamwona ubavu, na mpaka leo sioni kwamba mshipi ulikuwa na kosa.

Fimbo iwe na urefu wa mita 1.90 hadi 2, ya kaboni, na iandikwe kwamba inabeba jigi za gramu 20 hadi 80 au hapo karibu. Zile za mita 3 ni za kutupia ukiwa ufukweni. Iwe na ncha laini na kiuno chenye nguvu. Mshipi wako haunyooki, kwa hiyo kitu pekee kinachopunguza mshtuko ni fimbo. Ikiwa ngumu kama mti, mukeke wa robo kilo atachanika mdomo kabla hujamfikisha juu.

Katika dola zako 200, weka 80 kwenye mulineti, 50 kwenye fimbo, 35 kwenye mshipi na florokaboni, na zinazobaki nunua jigi, pete ndogo na ndoano.

KitukuAsubuhi (Goma)

Maneno ya Mzee nayaunga mkono yote. Naongeza jambo moja kwa kuwa ndugu anaishi Bukavu na bila shaka atatamani kufanya mazoezi kwenye Ziwa Kivu kabla ya kushuka.

Fanya mazoezi, lakini usitegemee samaki, wala usihukumu vifaa vyako kwa matokeo ya Kivu. Ziwa letu lina kina cha mita 485, ila oksijeni haivuki mita 60 hivi kwenda chini. Kuanzia hapo ni maji yaliyobeba methani na gesi ya kaboni, na hakuna samaki anayeishi humo. Mimi mwenyewe nilipopata fimbo yangu ya kwanza nilimaliza asubuhi tatu nikiangusha jigi mita 90, nikiamini kwamba wakubwa wako chini. Hakukuwa na kitu kinachoweza kupumua huko. Na hata juu, katikati ya ziwa, hatuna samaki mkubwa anayewinda wenzake kama sangala. Sambaza wenyewe, wale samaki wetu wadogo, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wale waliokuwa wakiwawinda kwao hawakuletwa. Ndiyo maana sambaza wanavuliwa usiku kwa taa na wavu, na ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, wala hakuna anayehitaji fimbo.

Kinachofaa kufanya Kivu ni kuijaza bobini vizuri. Mshipi wa kusukwa unateleza: ukiufunga moja kwa moja kwenye bobini tupu, wote utazunguka kama pete na utadhani breki imekufa. Tanguliza mizunguko ya nailoni, au bandika kipande cha plasta, kisha uupandishe mshipi ukiwa umebanwa kwa kitambaa kilicholowa. Bobini ya namba 4000 inameza zaidi ya mita 300 za PE 1.5, kwa hiyo ukiweka PE 1 utahitaji nailoni nyingi zaidi chini yake. Baada ya hapo toka kwa mtumbwi, angusha jigi mita 30 au 40, na uzoeze mkono kuhisi jinsi inavyoshuka. Mukeke wengi hushika jigi ikiwa inaanguka. Mshipi unalegea ghafla kabla ya wakati wake, na asiyeuzoea hajui kwamba ameguswa.

MwanaWaKadutu (Bukavu)

Asante sana, Mzee wangu, na asante ndugu wa Goma. Kuhusu oksijeni umeniokoa asubuhi nyingi. Nimebaki na maswali mawili. Mulineti zina maandishi kama 4.9:1 na 6.2:1: nichague ipi? Na breki niifunge kiasi gani, kwa kuwa mkono wangu umezoea kushika nailoni na kuiachia kwa vidole?

MtoKafubu (Lubumbashi)

Mimi ni mtu wa Moba, ingawa kazi imeniweka Lubumbashi, na kila likizo narudi ziwani. Namheshimu Mzee, lakini kwenye mulineti nina maoni tofauti kidogo.

Namba hizo ni idadi ya mizunguko: ukizungusha mkono wa mulineti mara moja, kwenye 4.9:1 rota, ile sehemu inayoukunja mshipi, inazunguka karibu mara tano. Kwa mulineti ya namba 4000, ile ya polepole inakusanya kama sentimita 75 kwa mzunguko mmoja, na ile ya haraka inakaribia mita nzima. Kutoka mita 60, ya polepole itakudai mizunguko 80. Inachosha, lakini ina nguvu samaki akishika, na jigi inapanda hatua ndogo ndogo ambazo mukeke anazipenda. Ningechagua ya polepole au ya katikati, si ya haraka kabisa.

Ninapotofautiana na Mzee ni hapa. Kama mtavua wima tu, chini ya boti, mulineti inayokaa juu ya fimbo ni bora zaidi. Kidole gumba kinakaa kwenye bobini wakati wote, jigi ikiguswa katikati ya kuanguka unaisimamisha papo hapo, na mshipi haupati mikunjo. Mtu aliyekulia kwenye mshipi wa mkono ataielewa haraka, kwa kuwa kidole chake tayari kinajua kusoma uzito. Ila ina sharti: kidole kikisahau kubana, bobini inatoa mshipi kuliko jigi inavyouvuta, na fujo inayotokea hapo haifunguki usiku. Tena ununue fimbo ya aina hiyo, yenye pete za kukaa juu, usichanganye.

Kuhusu breki, chukua ile mizani ya kuning'iniza ambayo wauza samaki wanatumia sokoni. Funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, inamisha fimbo kama unapigana na samaki, uvute mpaka breki iachie. Iwe kati ya robo na theluthi ya nguvu ya sehemu iliyo dhaifu zaidi. Ukiwa na PE 1 ya kilo 9, hiyo ni kilo 2 hadi 3, na kwa kuanza baki kwenye 2. Itaonekana kidogo mno mkononi. Usiikaze sangala akikimbia. Mwache aende, kwa kuwa chini yako kuna maji ya kutosha, kisha umrudishe kwa kiuno cha fimbo. Wala usiushike mshipi wa kusukwa kwa vidole kama nailoni ya baba: utakukata mpaka kwenye nyama.

Na ukivua karibu na midomo ya mito, kumbuka kwamba samaki wa jamii ya mbenga wana meno yanayokata florokaboni kama uzi wa kushonea. Huko weka kipande kifupi cha waya.

MzeeWaKalundu (Uvira)

Alichosema ndugu wa Moba kuhusu kidole gumba ni kweli, nami mwenyewe natumia ya juu siku ziwa likitulia. Nilimpendekezea kijana ile ya chini kwa sababu ya kusi. Katika miezi ya kiangazi upepo huo unaisukuma boti, jigi inabaki nyuma, na lazima uitupe mbele ya boti ili ipite wima chini yako. Kwa kutupa gramu 30 usiku, ile ya chini haina mpinzani. Aanze nayo, ya pili ataijua mwenyewe.

Jigi, mwanangu, nunua za gramu 30, 40 na 60, za rangi ya fedha, na mbili zinazong'aa gizani. Ndoano funga moja au mbili juu, upande wa mshipi, si chini, ili zisinase kwenye miamba. Na kabla ya kushuka, mwambie yaya wako aulize ofisi ya uvuvi kama ziwa liko wazi. Nchi zinazolizunguka zimekubaliana kuwa na miezi ya kulipumzisha. Upande wa Tanzania mwaka 2024 lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Pia msitoke mwezi ukiwa mpevu, kwa kuwa taa zenu hazitawakusanya ndagala, na pasipo ndagala mukeke hawapandi.

MwanaWaKadutu (Bukavu)

Nimemwandikia dada: fimbo ya kaboni ya mita 1.95, gramu 20 hadi 80, mulineti ya chini, namba 4000, ya mizunguko ya polepole, mita 300 za PE 1 zenye rangi kila mita 10, florokaboni ya ratili 20, jigi sita. Mizani nitaazima kwa mama anayeuza sambaza jirani yetu. Mzee wangu, nikishuka Uvira nitakutafuta Kalundu ili unikague fundo.