Je, Utatu umo katika Maandiko, au ulitungwa na mabaraza?

Muuza kahawa, Kasese
Ndugu zangu, Jumapili ya Utatu jirani yangu Mwislamu, ambaye sokoni tunapakana vibanda, aliniomba nimwonyeshe aya moja tu isemayo kwamba Mungu ni mmoja katika nafsi tatu. Nikafungua 1 Yohana 5 na kumsomea maneno ya "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu". Akaweka kidole juu ya mabano yaliyoyazunguka maneno hayo katika Biblia yangu, akaniuliza mabano yale ni ya nini. Sikuwa na jibu. Je, fundisho hili lina msingi katika Maandiko?

Katekista, Arua
Ndugu, jirani yako amekutendea wema. Maneno hayo hayamo katika nakala za kale za Kiyunani. Yaliingia kwa njia ya Kilatini. Msomi Erasmus alipochapisha Agano Jipya la Kiyunani mwaka 1516 aliyaacha, akayaacha tena mwaka 1519, na akayatia mwaka 1522 baada ya kulaumiwa sana na kuletewa nakala moja iliyokuwa nayo. Usiyatumie tena kama ushahidi.

Neno lenyewe, Utatu, halimo katika Biblia: kwa Kilatini lilitumiwa na Tertuliano wa Karthago mwanzoni mwa karne ya 3, na tamko kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba ni la Baraza la Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325. Hata hivyo, mimi husimama hasa juu ya 1 Wakorintho 8:6, waraka ulioandikwa yapata miaka 270 kabla ya Nikea. Kumbukumbu la Torati 6:4 hukiri BWANA, Mungu, aliye mmoja. Paulo anayachukua maneno hayohayo na kusema kwamba kwetu "Mungu ni mmoja tu, aliye Baba", kisha papo hapo "Bwana mmoja Yesu Kristo", ambaye kwa yeye vitu vyote vimekuwapo. Myahudi hangemweka kiumbe ndani ya ukiri huo kwa bahati mbaya. Ongeza Mathayo 28:19, ambapo tunabatizwa kwa "jina", si kwa majina, la watatu.

Msomaji, Bombo
Mimi ni Mwislamu, nanyi mniwie radhi. Hoja ya "jina" ni dhaifu, Mwalimu. Mtu akisema anazungumza kwa jina la mwenyekiti na wanakijiji, hajawafanya kuwa kitu kimoja. Tena Yesu mwenyewe asema "Baba ni mkuu kuliko mimi" (Yohana 14:28), na katika Marko 13:32 hata Mwana haijui saa ile. Mungu asiyejua ni Mungu gani?

Mfasiri, Kampala
Naongeza tahadhari moja. Msitegemee sarufi ya Kiswahili kuthibitisha kwamba Roho ni nafsi. Tunasoma "Roho ndiye" kwa sababu mfasiri ameamua kumpa upatanisho wa mtu; katika Kiyunani neno *pneuma*, yaani roho au upepo, si la kiume wala la kike. Hata kiwakilishi cha kiume katika Yohana 16:13 chaweza kurejea kwa Msaidizi aliyetajwa katika aya ya 7. Ushahidi ulio bora ni matendo: katika Matendo 13:2 Roho anasema "Nitengeeni Barnaba na Sauli", na katika Waefeso 4:30 anaweza kuhuzunishwa. Upepo hauhuzuniki.

Katekista, Arua
Ndugu wa Bombo, kuhusu "jina" nakubali kwamba peke yake halitoshi. Yohana 14:28 ilitumiwa hata na wafuasi wa Ario, padre wa karne ya 4 aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, kwa hiyo hujaleta jambo geni. Jibu letu ni Wafilipi 2:6-7, kwamba yeye aliyekuwa na namna ya Mungu alitwaa namna ya mtumwa, na mtumwa husema kama mtumwa. Marko 13:32 ni ngumu zaidi, na sioni haya kukiri hivyo. Ila angalia mpangilio wake: wanadamu, malaika, Mwana, Baba. Mwana ametajwa juu ya malaika.

Muuza kahawa, Kasese
Asanteni. Kesho nitaanza kwa kumwambia jirani kwamba kuhusu mabano yeye ndiye aliyeona sawa, kisha nitamwomba tusome pamoja 1 Wakorintho 8.