Zoezi lipi linatuliza njaa: kukimbia, vyuma au kutembea?

Mchakamchaka:
Wakuu, habari zenu. Siku nikikimbia kwa kasi, dakika 40 hivi, narudi nyumbani chakula hata sikitamani. Naoga, nakunywa maji, saa nzima inapita. Siku nikitembea tu, hata saa moja na nusu, nakula kama kawaida. Rafiki yangu wa vyuma yeye anasema akitoka huko anaweza kumaliza sufuria peke yake. Nilimuuliza mkufunzi mmoja akanijibu "jasho linaua njaa", akaishia hapo. Naomba wenye ujuzi mnilinganishie haya matatu. Homoni zinafanya nini, na lipi litanipunguza mafuta bila kunirudisha jikoni mbio?

Bi_Maabara:
Jasho halihusiki, kaka. Kinachohusika ni ukali wa zoezi. Tumbo hutoa homoni iitwayo grelini, ambayo Wajapani Kojima na Kangawa waliitambua mwaka 1999. Hupanda kabla ya mlo na kushuka ukishakula. Ukikimbia kwa nguvu, tuseme kuvuka asilimia 60 ya uwezo wako wa juu wa kutumia oksijeni, grelini ile iliyo tayari kufanya kazi hushuka kwa muda. Wakati huohuo utumbo huongeza PYY na GLP-1, ambazo ni homoni za shibe. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba damu huhamia kwenye misuli na kuliacha tumbo na kidogo. Kutembea kwa kawaida hakufiki ukali huo, ndiyo maana huoni mabadiliko.

Kuhusu vyuma, watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walichapisha mwaka 2009 jaribio la wanaume 11. Siku moja walikimbia dakika 60, siku nyingine wakanyanyua vyuma dakika 90, na siku nyingine wakakaa tu. Mazoezi yote mawili yalishusha njaa na grelini, lakini PYY ilipanda kwenye kukimbia pekee. Kwa hesabu ya siku moja, kukimbia kunaongoza.

Vyuma_Tu:
Dada, mbona umeiruka ile ya 2022? Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kuhusu Lac-Phe, kitu ambacho mwili unatengeneza kwa kuunganisha laktati na fenilalanini, kijenzi kimojawapo cha protini. Laktati ndiyo ile inayojaa kwenye misuli ukijikaza. Panya wanene waliodungwa Lac-Phe walikula kidogo. Kwa binadamu, mbio fupi za kasi ziliipandisha kuliko zote, vyuma vikafuata, mazoezi marefu ya mwendo wa wastani yakashika mkia. Hapo nani kaongoza?

Na jambo jingine: anayepungua bila kushika chuma, misuli nayo inaondoka pamoja na mafuta.

Bi_Maabara:
La misuli nakubali bila ubishi. La Lac-Phe, nakukumbusha tu kwamba waliodungwa ni panya.

Nusu_Saa:
Vijana mnatudharau sisi watembeaji. Njaa isiyoshuka si sawa na njaa iliyopanda! Wakimbiaji haohao wa Loughborough wamewahi kupimwa wakitembea haraka kwa dakika 60, na si grelini wala kiasi cha chakula walichokula siku ile kilichobadilika. Yaani nishati waliyoitumia njiani hawakuirudisha mezani.

Tena timu hiyo ilionyesha mwaka 2011 kwamba ukijinyima chakula, grelini na njaa hupanda siku hiyohiyo. Ukitumia nishati ileile kwa zoezi, hazipandi. Mimi hilo ndilo lililonifanya niache kujinyima, maana nilikuwa mkali kwa kila mtu ndani ya nyumba.

Bi_Maabara:
Babu, marekebisho madogo: washiriki hawakuwa walewale, ila maabara ni ileile.

Nusu_Saa:
Shukrani, binti yangu. Miguu ndiyo iliyo imara, kumbukumbu hapana.

Mbizi:
Na sisi waogeleaji? Nikitoka majini nakula kama vile nimefungwa wiki nzima.

Vyuma_Tu:
Maji ya baridi hayo. Kuna jaribio la Florida la 2005, watu walipiga baiskeli wakiwa ndani ya maji. Waliokuwa kwenye maji ya baridi walikula zaidi baadaye kuliko wa maji ya vuguvugu. Jaribu bwawa lenye joto.

Mzee_Mizani:
Nyote mnazungumzia saa moja baada ya zoezi. Mimi nilipungua sana, kisha nikarudishwa na njaa iliyokuja miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu leptini.

Leptini hutoka kwenye seli za mafuta zenyewe. Mtafiti Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitangaza mwaka 1994. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Mafuta yakiwa mengi leptini huwa nyingi, yakipungua nayo hupungua, na ubongo husoma upungufu huo kama dalili ya ukame. Mbio za siku moja haziigusi sana. Kupungua mwili ndiko kunakoishusha. Utafiti wa Australia wa 2011 uliwafuata watu waliopungua kwa mlo mdogo sana, na mwaka mmoja baadaye leptini ilikuwa bado chini, grelini bado juu, na njaa bado kali. Niliposoma hayo nilijisamehe, maana nilidhani ni ulafi.

Adiponektini, ambayo pia hutoka kwenye mafuta, huenda kinyume: watu wanene huwa nayo kidogo, na wakipungua hupanda na kuusaidia mwili kuitikia insulini vizuri zaidi.

Kwa hiyo, Mchakamchaka, hiyo saa yako ya kutotamani chakula ni nzuri, lakini usiitegemee kuamua mafuta yaondoke au yabaki. Mimi ningekuambia chagua lile utakaloendelea kulifanya hata miezi 10 baadaye.

Mchakamchaka:
Mmenifumbua macho. Basi nitakimbia siku 2, vyuma siku 2, zilizobaki namfuata babu Nusu_Saa. Swali la mwisho: nikimbie kabla ya kula au baada?

Bi_Maabara:
Kabla ya kula insulini iko chini. Insulini ndiyo inayofunga mafuta ndani ya seli, na adrenalini ndiyo inayoyafungua. Kwa hiyo ukikimbia tumbo tupu unatumia mafuta mengi zaidi wakati ule. Ila majaribio ya wiki kadhaa hayakuona tofauti ya maana kwenye mizani.

Mchakamchaka:
Basi alfajiri, kabla sijapata kisingizio.