Tupeane uzoefu: mtoto aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba na kurudishwa wodini kwa sababu ya kifua

Mama Pacha, Kondele
Hamjambo kina mama. Pacha wangu walizaliwa wiki ya 31. Tulikaa nasari, wodi ya watoto wachanga, wiki tano, tukaruhusiwa wakiwa na kilo mbili kasoro. Majirani walikuja na uji, tukaomba, nikajua yameisha. Wiki ya sita nyumbani Kulwa akashikwa na mafua. Siku ya tatu tulikuwa wodini tena, mpira wa oksijeni puani. Kilichonichanganya ni kwamba hakuwa na joto. Miguu ilikuwa baridi na titi alilikataa. Mliopitia haya, mlijuaje kwamba mafua yamegeuka?

Mama Tumaini, Lanet
Pole sana, mama. Usingoje joto, hawa wadogo huzidiwa bila homa. Muuguzi alinifundisha kumfunua kifua akiwa amelala, nitazame saa ya simu dakika nzima nikihesabu tumbo linavyopanda. Chini ya miezi miwili ikifika 60, usingoje kukuche. Miezi miwili hadi mwaka, 50. Usihesabu nusu dakika ukazidisha, maana hupumua mbio, akatulia kidogo, akaanza tena. Na ukiona ngozi chini ya mbavu inabonyea kila akivuta pumzi, au anaguna, acha kuhesabu, mbebe uende. Mimi niliambiwa kwenye zahanati moja ni mafua tu, nikarudi nyumbani. Usiku huohuo midomo ilibadilika rangi. Sijasahau.

Baba Zawadi, Bungoma
Kwetu ilikuwa moshi. Mama yangu alimpenda mno huyu mjukuu, akawa anakaa naye jikoni, kuni zinawaka. Tulilazwa mara mbili. Kumwambia mama mzazi amtoe mtoto jikoni si rahisi jamani, nilizunguka siku tatu nikitafuta maneno. Alinielewa. Sasa humbeba kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi, sebuleni.

Muuguzi, Kakamega
Nyongeza kidogo. Kinga ya mama humfikia mtoto hasa miezi ya mwisho ya mimba, na hawa waliikosa. Virusi vya RSV, ambavyo kwako ni mafua tu, kwake huziba vijia vya hewa vyembamba. Kwa hiyo mwenye mafua asimbusu, na anayemshika anawe mikono. Dawa ya kikohozi ya dukani msimpe.

Mama Neema, Nyamasaria
Chanjo pia! Nilichelewesha nikihesabu kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Kumbe wiki ya 6, 10 na 14 huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, na ya nimonia imo humo.

Mama Pacha, Kondele
Asanteni, nimelia nikisoma. Kulwa ametolewa oksijeni leo. Doto yuko nyumbani na dadangu, nimempigia akamfunua kifua na kuhesabu. 44. Nimemwomba ahesabu tena saa nane usiku.